Jogoo wa pili nyumbani: kwako hasara, kwa mwenzako mtaji

Jogoo wa kwanza aliwika saa 10:00 alfajiri. Wa pili akamjibu. Wakaendelea kujibizana hadi kulipopambazuka, na nilipofungua geti kwenda kazini nilimkuta jirani yangu amesimama nje, mtoto wake mchanga yuko mgongoni.

"Jirani, kuku wenu hatuna ugomvi nao," alisema. "Jogoo mmoja tulishamzoea. Lakini tangu huyu wa pili aanze kuwika, mtoto halali na mimi silali."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitia aibu. Tunaishi Kihonda, Manispaa ya Morogoro, katika mtaa ambao nyumba zimekaribiana. Banda letu la kuku liko hatua chache kutoka dirisha la chumba chake cha kulala. Nilimwomba radhi na kumuahidi kwamba ndani ya mwezi mmoja jogoo mmoja ataondoka.

Jioni nilipowaeleza wanangu ahadi hiyo, binti yangu wa miaka tisa aliuliza swali moja tu: "Ataondoka kwenda wapi?"

Makala haya yanatokana na swali hilo. Ni swali linalozikabili familia nyingi zinazofuga kuku wachache uani, na ingawa linaonekana dogo, ndani yake kuna fedha, ujirani mwema, afya ya mifugo na neno la mzazi kwa mtoto wake.

Jogoo wa ziada hutoka wapi?

Sisi tulianza kama wanavyoanza wengi. Tulinunua vifaranga sita vya umri wa miezi miwili kutoka kwa mfugaji wa mtaani. Lengo halikuwa biashara. Tulitaka watoto wajifunze kutunza kiumbe hai, tupate mayai mawili matatu, na mabaki ya chakula yasitupwe. Muuzaji alituhakikishia kwamba watano ni majike na mmoja ni dume.

Watoto waliwapa majina siku hiyo hiyo. Mwekundu akaitwa Simba, na mwenye manyoya ya njano shingoni akaitwa Yanga. Wengine wakawa Kishingo, Madoa, Bibi na Mweusi. Walipofika miezi mitatu, Yanga naye alianza kuota manyoya marefu yenye ncha kali shingoni na mgongoni, upanga wake ukawa mwekundu, miguu ikanenepa. Tulikuwa na madume wawili.

Hakuna cha kushangaza hapo. Katika kila vifaranga vinavyototolewa, karibu nusu ni madume. Kwa vifaranga vya kienyeji ni vigumu kutambua jinsia katika wiki za mwanzo, hivyo anayenunua wadogo ananunua bahati nasibu. Anayetaka majike tu ni vema asubiri kuku wafikishe miezi mitatu au zaidi, hata kama bei itakuwa juu. Nyongeza hiyo ya bei ni nafuu kuliko kulisha pora usiyemhitaji kwa miezi kadhaa.

Tetea hahitaji jogoo ili atage

Wapo wafugaji wanaoamini kwamba bila jogoo matetea hawatagi. Si kweli. Tetea hutaga kwa sababu ya umri wake, lishe yake na mwanga wa mchana anaoupata. Jogoo anahitajika pale tu unapotaka yai liwe na mbegu ili litotolewe. Yai lisilo na mbegu halina upungufu wowote wa lishe mezani, na tena hukaa muda mrefu zaidi bila kuharibika kwa kuwa halina kiinitete kinachoweza kuanza kukua kwenye joto.

Kwa hiyo familia inayotaka mayai ya kula na kuku wa kupendwa na watoto inaweza kuishi vizuri bila jogoo hata mmoja. Familia inayotaka vifaranga inahitaji jogoo mmoja kwa matetea kumi hivi. Sisi tulikuwa na wawili kwa matetea wanne.

Madume wakizidi, mzigo unawaangukia majike. Hupandwa mara kwa mara hadi migongo inabaki bila manyoya, hupata majeraha, hukosa utulivu wa kula, na utagaji hupungua. Madume nao hupigana. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na yeyote aliyewahi kutenganisha majogoo wanaovuja damu vichwani anajua usemi huo hauwahusu ng'ombe peke yao.

Kuhusu kelele, baadhi ya wafugaji hufunika banda kwa turubai gizani wakidhani jogoo atanyamaza. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura, walionyesha kwamba jogoo ana saa ya ndani ya mwili. Hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, huendelea kuwika karibu na muda wa alfajiri. Utafiti wao mwingine wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba majogoo wakikaa pamoja, mkubwa wao kwa hadhi ndiye huanza kuwika na wengine humfuata kwa mpangilio. Turubai, basi, si dawa. Kinachosaidia ni kupunguza idadi ya majogoo na kulihamisha banda mbali na madirisha ya watu.

Hesabu ya jogoo anayekaa bure

Kwa kuwa fani yangu ni uchumi wa kilimo, nilichukua karatasi na kalamu.

Jogoo mzima anayelishwa bandani hula takriban gramu 110 za chakula kwa siku. Kwa siku 365 ni kilo 40. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja ya mchanganyiko wa pumba, chenga za mahindi, mashudu na dagaa inakugharimu Sh1,000. Jogoo huyo atakula Sh40,000 kwa mwaka. Kama sokoni anauzwa Sh25,000, basi katika miezi saba na nusu amekwisha kula bei yake mwenyewe, na bado yupo anadai chakula cha kesho.

Msomaji abadilishe tarakimu hizo kwa bei za kwao. Kama kuku wake hujitafutia nusu ya chakula chao nje, muda utakuwa mara mbili. Lakini kanuni haibadiliki: mnyama asiye na kazi huongeza gharama kila siku, wakati bei yake haiongezeki tena baada ya kukomaa.

Sasa tumhamishie jogoo huyo huyo kwenye nyumba yenye matetea wanane na isiyo na dume. Pale, mayai yote ni ya kula au kuuza, wala hakuna kifaranga kitakachozaliwa. Jogoo akifika, matetea watatu wakiatamia mayai 12 kila mmoja, na kila mmoja akatotoa tisa na kukuza watano hadi umri wa kuuzwa, nyumba ile ina kuku 15 ambao bila jogoo wasingekuwepo. Hiyo nayo ni hesabu ya mfano, lakini mfugaji yeyote anajua haijatiwa chumvi.

Kwangu jogoo alikuwa hasara ya Sh40,000 kwa mwaka, na katika nyumba ile alikuwa mlango wa kuku 15, bila uzito wake kubadilika hata gramu moja. Jambo hili wafanyabiashara wadogo wanalijua vizuri: mtumba uliokosa mteja Morogoro unaweza kugombaniwa Kilosa. Thamani ya jogoo, kama ya bidhaa yoyote, inategemea yuko wapi na nani anamhitaji.

Njia nne za kumwondoa

Mwenye jogoo wa ziada ana njia nne. Ya kwanza ni kumchinja. Ni njia halali na ya kawaida, na wengi wetu tumelelewa nayo. Hasara yake ni kwamba thamani yote ya jogoo inaishia kwenye sufuria moja. Kwa familia iliyompa jina, kuna hasara nyingine ambayo haimo kwenye karatasi.

Ya pili ni kumuuza sokoni. Fedha inapatikana mara moja, hasa ukiuza karibu na sikukuu za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya ambapo majogoo hutafutwa. Anayeuza mapema mwezi Januari, wazazi wakiwa wanahangaika na mahitaji ya shule, ajue amechagua wakati mbaya.

Ya tatu ni kumgawa bure. Inajenga ujirani, lakini kitu cha bure aghalabu hakiulizwi kinakwenda kufanya nini. Kama jogoo wako ni wa jamii ya kuchi, wale warefu wenye miguu mirefu na shingo ndefu, uliza mara mbili, maana jamii hiyo imezoeleka kutumika kwenye mapigano ya majogoo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na jogoo anayechanwa macho kwa ajili ya dau hakika anateswa.

Ya nne, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kwa mfugaji mdogo, ni kubadilishana. Wafugaji wengi vijijini wameifanya miaka mingi: jogoo huazimwa, hubadilishwa kwa jogoo wa kijiji kingine, au hutolewa kwa malipo ya matemba. Mantiki yake inahusu damu.

Damu mpya

Vifaranga vyetu sita vilitoka kwa mfugaji mmoja, yumkini kwa mama mmoja au wawili na baba mmoja. Nilipokuwa nikipanga nani aondoke kati ya Simba na Yanga, niligundua kosa ambalo mtu wa taaluma yangu hakupaswa kulifanya. Wote wawili walikuwa kaka wa matetea wangu. Hata nikimwondoa mmoja, aliyebaki hakufaa kuzaa na wale waliokuwepo.

Kuku wa ukoo mmoja wakizaliana, udhaifu uliojificha katika damu ya pande zote mbili hukutana kwenye kifaranga. Mayai mengi hayatotolewi, vifaranga huzaliwa dhaifu, hukua polepole na matetea wake hutaga kidogo. Mfugaji husema "siku hizi kuku wangu wamekuwa wadogo" na kulaumu chakula au hali ya hewa, kumbe jogoo yule yule amekaa miaka minne, amepanda mabinti zake na sasa anapanda wajukuu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Jogoo aondoke kabla mabinti zake hawajaanza kutaga, yaani baada ya mwaka mmoja hivi, na anayekuja atoke mbali na ukoo huo. Hapa mfugaji wa mjini na wa kijijini wanahitajiana. Jogoo ambaye kwako ni ndugu wa kila mmoja bandani, kilomita 20 mbele ni mgeni kabisa, na huo ugeni wake ndio unaomfanya awe wa thamani.

Nilianza kuulizia. Nilipita kwa afisa mifugo wa kata, kwa muuza pumba na kwa akina mama wanaouza mayai. Ni muuza pumba aliyenielekeza kwa mama mmoja wa Mlali, wilayani Mvomero, ambaye jogoo wake alikufa miezi mitatu nyuma.

Nilikwenda Jumamosi na binti yangu. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa, mama yule alituonyesha matetea wake tisa. "Mwanangu, hawa wanataga tu," alisema. "Wanaatamia, siku 21 zinapita, hakuna kitu. Mayai yanaoza."

Niliuliza maswali ambayo namshauri kila mfugaji ayaulize kabla ya kumtoa kuku wake: Matetea ni wangapi? Kuna jogoo mwingine? Usiku wanalala wapi? Chanjo ya mwisho ilitolewa lini? Wapo waliokufa hivi karibuni, na kwa dalili zipi? Naye aliuliza ya kwake, tena kwa ukali kuliko mimi: ana umri gani, anapanda vizuri, amewahi kuugua? Tulikubaliana jogoo mmoja kwa matemba wawili wa damu ya Mlali. Kwa njia hiyo naye Simba angepata wake wasio dada zake.

Kuku mgeni na kamba yake

Kabla ya siku ya kubadilishana kulikuwa na kazi ya kufanya, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini kwa sababu somo hili lilinigharimu.

Miaka minne kabla ya hapo, nikitoka safari, nilinunua jogoo mzuri mnadani. Nilifika nyumbani usiku nikamwingiza bandani moja kwa moja. Siku ya sita kuku walianza kuzubaa, kuharisha kinyesi cha kijani na kupinda shingo. Ilikuwa kideri, ambayo wengine huiita mdondo. Katika wiki moja nilizika kuku tisa kati ya 12. Bei ya jogoo yule ilikuwa ndogo, lakini kwa kuku niliowapoteza ndiye jogoo ghali kuliko wote niliowahi kununua.

Kideri haina tiba. Ina kinga. Chanjo ya I-2, ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia na ambayo huzalishwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, inastahimili joto kuliko chanjo za zamani na hivyo inafaa hata vijijini kusiko na majokofu. Pamoja na ustahimilivu huo, itunzwe mahali pa baridi na itumike mapema baada ya kufunguliwa. Hutolewa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wanachanjwa kuku wazima. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua.

Kuku anayehama achanjwe angalau wiki mbili kabla ya safari ili kinga ijengeke. Tulichanja pande zote mbili, Kihonda na Mlali, tukasubiri. Nilirudi pia kwa afisa mifugo kuomba kibali, kwa sababu nilikuwa navusha mifugo kutoka eneo la halmashauri moja kwenda nyingine, na usafirishaji wa mifugo unasimamiwa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003. Wengi hudhani kuku mmoja ndani ya tenga hahusiki. Kideri nayo husafiri ndani ya tenga hilo hilo.

Safari yenyewe ifanyike asubuhi au jioni kukiwa na ubaridi. Kuku awekwe kwenye tenga linalopitisha hewa, asining'inizwe kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli au pikipiki. Akifika apewe maji kwanza, kisha chakula.

Halafu atengwe. Matemba wetu wawili walikaa siku 14 kwenye kibanda cha pembeni, wakiwa na vyombo vyao vya maji na chakula. Tuliwahudumia mwisho, baada ya kuwahudumia wenyeji, na tulinawa mikono kwa sabuni tukitoka. Katika siku hizo tuliwakagua utitiri chini ya mbawa na kuwapa dawa ya minyoo. Zilipokwisha bila dalili yoyote, tuliwaingiza bandani usiku, wakati wenyeji wamekwisha kulala kwenye vichanja. Asubuhi walidonolewa kidogo, kisha utaratibu mpya ukakubalika. Usemi kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ukiutazama kwa jicho la mfugaji, ni ushauri wa kitaalamu: mgeni hazururi hadi ajulikane na apazoee.

Jambo moja la mwisho kwa anayebadili jogoo. Tetea huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa takriban wiki mbili baada ya kupandwa. Kama jogoo wa zamani ametoka leo na mpya ameingia leo, mayai ya siku za mwanzo bado yanaweza kuwa ya yule wa zamani. Subiri wiki tatu ndipo uanze kukusanya mayai ya kuatamiwa.

Matetea wanaobaki

Watu wengine hucheka wakisikia familia inafuga kuku kwa kuwapenda. Lakini mazoea hayo yana historia ndefu. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2022 zilionyesha kwamba kuku walianza kuzoeana na binadamu huko kusini-mashariki mwa Asia, wakivutwa na mashamba ya nafaka, na kwamba walipofika Ulaya walizikwa kwa heshima kwa karne kadhaa kabla ya kuwa kitoweo cha kawaida.

Hata hivyo, mapenzi bila bajeti humwumiza anayependwa. Anayetaka kufuga kuku wa familia aanze na matetea watatu hadi watano. Asifuge mmoja, kwa kuwa kuku ni kiumbe wa kundi na peke yake hupata hofu. Banda liwe na nafasi ya angalau mita moja ya mraba kwa kuku wanne, liwe kavu, lipitishe hewa, na lifungwe usiku dhidi ya vicheche na paka. Liwe na vichanja vya kulalia na kiota kimoja kwa kila matetea wanne au watano. Nje wapate mahali pa kuchakura na vumbi la kuogea, maana vumbi ndilo sabuni yao dhidi ya wadudu. Maji safi yawepo muda wote, na chokaa ya mifugo au maganda ya konokono yaliyosagwa kwa ajili ya ganda imara la yai.

Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo, mikupuo mitatu hivi kwa mwaka. Hatalipa gharama zote za familia, lakini akijitafutia sehemu ya chakula chake na akipata mabaki ya jikoni anaweza kulipa za kwake. Swali gumu huja anapozeeka. Kuku anaweza kuishi zaidi ya miaka mitano, na utagaji hupungua mapema kuliko hapo. Familia iamue siku ya kwanza, siyo siku ya mwisho, kama kuku aliyeacha kutaga atalishwa kwa heshima au atakwenda jikoni. Uamuzi wowote kati ya hiyo ni halali. Kisicho halali ni kumwambia mtoto hivi na kufanya vile.

Usafi nao usisahaulike. Kuku mwenye afya anaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha kuhara kwa binadamu. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapotoka bandani, wasiwabusu kuku, na kuku wasiingie jikoni. Kuku wakianza kufa kwa wingi, watoto wasiwaguse, mizoga isiuzwe wala isiliwe, na afisa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Mtoto aambiwe ukweli

Narudi kwenye swali la binti yangu. Njia rahisi ilikuwa kumwambia Yanga anakwenda kuishi raha mustarehe hadi uzee. Nisingeweza kulisimamia neno hilo. Ukishamtoa kuku wako, uamuzi si wako tena, na mama wa Mlali hafugi maonyesho. Ana watoto wa kusomesha.

Siku ya kubadilishana, binti yangu mwenyewe ndiye aliyeuliza. "Bibi, utamchinja?"

Mama yule hakutazama pembeni wala hakunitazama mimi. Akamjibu, "Mjukuu wangu, sasa hivi nina matetea tisa wanaomngoja. Huyu ni wa kazi. Mabinti zake wakikua atahama tena kwenda kwa mwenzangu. Akizeeka kabisa, sikudanganyi."

Binti yangu alinyamaza kwa muda. Kisha akamwonyesha bibi yule sehemu ya shingoni ambayo Yanga hupenda kukunwa, na kwamba hali mahindi mazima hadi yapasuliwe. Njiani hakusema mengi. Nilifikiri nimemuumiza, lakini nyumbani nilimsikia akimweleza mdogo wake kwamba Yanga ameajiriwa.

Ni miezi mitano sasa. Mlali matetea watatu wameatamia, na mama yule amenipigia simu kueleza kwamba mmoja ametotoa tisa kati ya 11, mwingine saba, na wa tatu mwewe amemharibia, amebakiwa na wawili. Kihonda, mmoja wa matemba wa Mlali ameanza kutaga. Simba bado anawika alfajiri, peke yake, na tumelisogeza banda hadi upande wa ukuta usio na dirisha la mtu. Jirani alipokea trei ya mayai na hakurudisha malalamiko.

Kwa mfugaji mwenye jogoo wawili, ushauri wangu ni kwamba asiamue akiwa na hasira za alfajiri. Aanze kwa kuhesabu anakula kiasi gani. Kisha azunguke kuulizia ni nyumba gani matetea wanaatamia bure. Achanje wiki mbili kabla, aombe kibali, atenge wanaoingia kwa siku 14. Na kama nyumbani kuna mtoto aliyempa jogoo huyo jina, amchukue waende wote.